Jibu Lililobaki Lisbon

Matisi, Kitale
16 Februari 2025

Dada yangu Lenah,

Fundi wako anakusalimu. Huku asubuhi baridi inauma masikio, na ikifika saa sita jua linawaka mpaka bati la duka linalia. Mimi ni mzima. Jerono, huyu jirani anayeuza mboga mbele ya duka langu, anauliza utamletea lini tena mbegu za saga, ile mboga ya kienyeji. Ian alinipigia kutoka Nakuru. Mwanao anasema anakula vizuri, nami nimeamua kumwamini.

Sasa keti chini. Gichuki anaoa.

Ndiyo, Gichuki huyuhuyu wetu, aliyekuwa akipika mandazi mlango wa pili kutoka kwangu kabla hajaenda kupika melini. Meli ikamwacha Lisbon, kule Ureno, au yeye ndiye aliyeiacha, hadithi hubadilika kila mwaka. Unajua alivyomzika mke wake na kunyamaza. Basi sasa, na miaka yake sitini na moja, ati amepata mchumba! Anaitwa Dulce, mjane, mpishi kama yeye. Harusi ni Juni. Amenitumia tikiti ya ndege na anataka nimshonee suti, niibebe mwenyewe, kisha nisimame kando yake siku hiyo.

Nilicheka mpaka Jerono akaja kuangalia kama niko sawa. Mtu wa sitini na moja! Atasimama mbele ya watu ama ataomba kiti? Bibi harusi atashika maua ama fimbo? Mimi niliyefunga duka la ndoa kabla sijalifungua, nashukuru kwa usingizi wangu. Lakini nitaenda. Rafiki kama huyu hachekwi kwa mbali, lazima ufike.

Usinipigie simu juu ya jambo hili. Tulishakubaliana baada ya kelele za Krismasi: kwa simu tunagombana, kwa barua kila mmoja analazimika kumsikia mwenzake mpaka mwisho.

Ndugu yako anayejifunza neno "Ureno",
Festus


Mabanga, Bungoma
25 Februari 2025

Festus ndugu yangu,

Barua yako imenikuta nachagua mbegu za mahindi. Tuko salama. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye madoa. Mvua bado, ingawa mawingu yameanza kujifanya. Paa la jikoni, lile ulilosema utaliziba tangu mwaka juzi, limezibwa. Bwana Wabwile, yule afisa wa kilimo mstaafu tunayeimba naye kwaya, alipita akaliona, akarudi na ngazi.

Mpe Gichuki pongezi zangu, na umpe kabla hujaanza vichekesho vyako. Mtu haoi kwa magoti, Festus.

Nawe utapandaje ndege? Mara ya mwisho ulipanda bodaboda ukashuka ukisema zaburi. Beba sweta. Usimwambie kila mtu wa huko kwamba mshono wa koti lake umepinda, hata kama umepinda. Na vile viatu vyako vya soli iliyolika, viache Matisi. Nimefundisha watoto miaka mingi, namjua mtu ambaye hatasikia. Wewe hutasikia.

Kuna neno nilitaka kukuuliza. Lingoje. Si la haraka.

Mungu akutangulie, nawe usimpite mbele,
Dada yako Lenah


Lisbon
2 Juni 2025

Dada Lenah,

Nimefika, na miguu yote miwili nimefika nayo. Kuhusu ndege sitasema mengi. Nilikuwa nimefumba macho.

Gichuki amenenepa, lakini kicheko ni kilekile. Suti ilimkaa vizuri isipokuwa tumboni, kwa sababu vipimo alivyonitumia ni vya mtu ambaye yeye anatamani kuwa. Dulce alipoona nafungua mshono upya alicheka akampiga Gichuki kofi la mgongo. Huyo mama asili yake ni visiwa vya Kepuvede, huko Afrika Magharibi. Hatuna lugha moja mimi naye, lakini ananijazia sahani mpaka nafunika kwa mikono.

Sasa nikueleze mji. Ni vilima tu, kama mtu alikunja kitambaa akasahau kukinyoosha. Kuna gari dogo la njano linalopanda kwa reli katikati ya nyumba, karibu sana hata unaweza kubisha hodi kwenye dirisha la mtu ukiwa umekaa. Kuna jakaranda, Lenah! Zimechanua zambarau tupu, na maua yanamwagika barabarani kama Kitale mwezi wa kumi. Nilisimama chini ya mti mmoja nikajisikia mjinga, maana nilitaka kulia na sikujua ni kwa nini.

Nimepata mtaa ambao maduka yanauza vifungo peke yake. Vifungo! Vya pembe, vya mbao, vya chaza, vimepangwa kwenye visanduku mpaka darini. Niliingia asubuhi, nikatoka wakati mwenye duka anafunga kwenda kula. Nimekununulia sita vya buluu.

Huku watu wanaanika nguo nje ya madirisha, juu ya vichwa vya wapita njia. Juzi nilikuwa napita nikitazama juu, nikaona shati lenye kola iliyoshonwa kwa mkono, kazi safi kabisa. Nikasimama kuikagua. Bibi mmoja akachungulia akanitukana kwa Kireno, nadhani alifikiri mimi ni mwizi wa mashati. Nikarudi nyuma nikimwomba radhi. Mawe ya njia zao yamesuguliwa mpaka yanang'aa, na hapo nikaamua kukaa chini kidogo barabarani nipumzike. Bibi mwenyewe akashuka akaniletea maji. Ni watu wazuri.

Huyo Wabwile mwenye ngazi ndiye yule wa Malakisi anayeimba "Hareruya" mpaka vioo vya kanisa vinatetemeka? Mwambie paa la nyumba si la kwaya.

Kwa haraka, Dulce anaita tena chakula,
Festus


Lisbon
16 Juni 2025

Lenah,

Bado sijapata barua yako, lakini siwezi kungoja. Harusi imepita.

Wiki hiyo mji wote ulikuwa na sherehe ya mtakatifu wao. Walichoma samaki wadogo barabarani, kila mlango na jiko lake, mpaka suti ikanuka moshi kabla ya bwana harusi kuivaa. Nilikula samaki juu ya mkate nikiwa nimesimama na watu nisiowajua. Walikuwa wakiimba, nami nikaimba nyimbo zetu. Hakuna aliyenikosoa.

Jumamosi tukaenda ofisini kwa serikali. Mama wa serikali akasoma maneno yake, akamwuliza Gichuki kama anakubali. Gichuki amekaa nchi hii miaka ishirini, anagombana sokoni kwa Kireno, anaota kwa Kireno. Siku hiyo lugha yote ilimtoka. Akafungua mdomo, akafunga. Akanitazama mimi. Kisha akasema kwa sauti ya Matisi kabisa: "Ndiyo, bana!"

Mama wa serikali akauliza hilo ni neno gani. Dulce alicheka mpaka akashika meza. Gichuki naye akacheka, kisha nikaona hacheki tena, analia, na Dulce anampangusa kwa kiganja kama mtu anayefuta meza ya kwake mwenyewe.

Lakini kilichonikamata ni baadaye, jioni. Watu wamekula, wanacheza. Gichuki alilala kwenye kiti mdomo wazi. Dulce alikuwa akiongea na shangazi yake. Bila kukatiza maneno aliinama akamvua Gichuki viatu, kimoja, kingine, akavipanga chini ya kiti, akaendelea kuongea. Hakumtazama hata kidogo. Hakuna aliyeona ila mimi.

Nilikwenda nje kidogo.

Nilifika hapa nikiwa na vichekesho mfukoni vya kutosha wiki mbili. Hata kimoja sikukitoa. Usimwambie mtu, nitaharibikiwa jina.

Nitarudi tarehe tano Julai.

Festus


Mabanga, Bungoma
23 Juni 2025

Festus ndugu yangu,

Barua yako ya tarehe mbili imefika leo. Nimefurahia vifungo na nimefurahia jakaranda. Kuhusu "kukaa chini kidogo barabarani", tutaongea. Huku tunavuna maharagwe, ndama anakimbiza kuku, na Ian alikuja akakaa siku tatu, akakarabati uzio vibaya sana.

Sasa lile neno. Nilisema lingoje, lakini likizidi kungoja litaoza.

Wabwile ameniomba tuoane. Aliniuliza mwezi wa nne, tukitoka mazoezi ya kwaya, mvua ikinyesha, na koti lake akiwa amelifunika kwenye vitabu vya nyimbo badala ya kujifunika mwenyewe. Nilimwambia sitamjibu mpaka ndugu yangu aseme. Ian anajua. Alisema, "Mama, ulikuwa unangoja nini?" Watoto wa siku hizi.

Nilitaka kukuambia tangu Februari, wakati lilikuwa bado ni ngazi na paa tu. Lakini wewe ulikuwa unamcheka Gichuki. Mimi nina hamsini na tisa, Festus. Kwa kipimo chako, hata mimi nitaomba kiti.

Unajua kwa nini nakuuliza. Nilipofiwa nikarudi hapa, baba zetu wadogo walisema binti aliyeolewa hana nyumba kwao. Ulisimama mbele yao wote, wewe ambaye husimami hata foleni, ukasema nyumba ya mama ni ya Lenah na anayetaka kumtoa aanze na wewe. Siwezi kutoka kimyakimya nyumba uliyonipigania. Na najua Jumapili zako zote ziko kwenye meza hii. Nimelifikiria hilo kuliko unavyodhani.

Usiniandikie mzaha mara hii. Niandikie ndiyo au hapana. Ukisema hapana sitakulaumu, na sitamtaja tena.

Dada yako,
Lenah


Matisi, Kitale
14 Julai 2025

Dada Lenah,

Nimerudi! Kitale ni pale pale, matope ni yale yale, na Jerono amepandisha bei ya sukuma wiki ati kwa sababu nimetoka ng'ambo. Huko Lisbon kila siku nilikuwa namtazama mtu wa posta kama mchumba, na hukuniletea hata mstari mmoja. Nimekusamehe.

Nilitaka kuja Mabanga mara moja, lakini kazi imenifunika. Sare za shule zimejaa mpaka kwenye kiti cha wateja. Nipe wiki chache.

Na yule mwimbaji wako wa besi bado yuko? Mwambie aondoe ngazi yake kwetu. Nimerudi, na paa la mama likivuja tena nitaliziba mwenyewe.

Vifungo vyako viko salama.

Festus, msafiri


Mabanga, Bungoma
21 Julai 2025

Festus,

Natumaini sare zinaendelea vizuri.

Barua yako ya harusi ilifika kwanza. Niliisoma mara mbili nikisimama mlangoni, nikasema moyoni, sasa ameelewa. Kisha ikaja hii ya Julai, na jibu lako nimelipata. Ngazi imeondolewa. Nimemwambia mwenyewe asije tena. Hakuuliza kwa nini. Aliibeba begani akaenda nayo.

Unasema hukupata barua yangu. Sawa. Ulipokuwa darasa la pili ulisema ng'ombe alikula daftari lako, na siku hiyo hatukuwa na ng'ombe.

Nilikuomba neno moja, ndiyo au hapana. Ungeandika hapana ningeiheshimu. Kwenda kuzungukia paa sikutegemea kutoka kwako. Na kuhusu kazi nyingi, nilikutana na Jerono soko la Bungoma. Anasema unafungua duka nusu siku. Kama hutaki kunitazama usoni, sema hivyo.

Maharagwe yako nimempa yeye akuletee.

Lenah


Matisi, Kitale
26 Julai 2025

Lenah,

Jibu gani? Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea na bado sijui nimefanya nini. Ni neno gani uliloniomba? Wabwile amefanya nini? Ngazi ilikuwa mzaha, na wewe unajua mzaha wangu ulivyo, nusu yake hata mimi sielewi.

Duka nafungua nusu siku, ni kweli. Basi acha niseme. Siku ile ya shati la yule bibi sikukaa chini kupumzika. Nilianguka. Nilianguka ngazi nne za mawe, kwa vile viatu ulivyonikataza. Kifundo cha mguu kilivimba kama kiazi, na nilisimama kando ya Gichuki kwenye harusi nikiwa nimeegemea meza. Safari ya ndege ilikiharibu zaidi. Ndiyo sababu siji. Mguu hauwezi ile njia ya kutoka barabarani mpaka kwako, na sikutaka uone fimbo yangu baada ya yote niliyosema juu ya fimbo ya bibi harusi. Haya, cheka.

Sijamaliza, Jerono anaita, kuna mteja.

31 Julai

Lenah. Hakukuwa na mteja, na barua hii sikuituma, maana sikujua niimalizie vipi. Leo Jerono amenitolea posta bahasha ya Lisbon. Ndani yake kuna bahasha nyingine, ya mwandiko wako, na kikaratasi cha Gichuki: "Dada yako alifika umeshaondoka. Sijafungua, ingawa Dulce amenisumbua sana nifungue."

Nimesoma. Nimefunga duka.

Kwa hiyo wewe ulikuwa huko unangoja, na mimi nikakuandikia ati aondoe ngazi. Na akaibeba.

Ulisema nisifanye mzaha, sitafanya. Juu yako, jibu ni ndiyo. Ilikuwa ndiyo kabla hujauliza. Lakini juu yake siwezi kusema kitu mpaka nimwone kwa macho yangu, maana hajawahi kuniambia neno ila "amina". Mwambie aje Matisi. Mimi mguu hauniruhusu, na hata ungeniruhusu, kaka wa mtu hafuati, anafuatwa.

Nisamehe kicheko cha Februari. Sikujua kilikuwa kinakupitia wewe.

Festus


Mabanga, Bungoma
6 Agosti 2025

Festus, ndugu yangu mwenye kiazi mguuni,

Nimecheka. Ulinipa ruhusa, nikaitumia yote. Kisha nikalia kidogo. Kisha nikacheka tena nilipofikia ngazi nne. Kanda huo mguu kwa maji ya chumvi, na hivyo viatu vipe moto leo hii.

Unajua umenitia aibu gani? Nilikuwa nimemwambia mtu asije tena. Ilibidi mimi, mwalimu mkuu mstaafu, nimfuate nyuma ya kanisa nikiwa nimebeba vitabu vya nyimbo nisivyovihitaji, nimwambie aje. Akauliza, "Nije wapi, Mwalimu?" Nikasema, "Kitale, kwa ndugu yangu." Akainamisha kichwa, nami nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anatafuta sauti. Besi yote ilikuwa imempotea.

Atakuja Alhamisi wiki ijayo. Ana woga. Usimtese.

Dada yako ambaye anakujua,
Lenah


Matisi, Kitale
15 Agosti 2025

Dada yangu Lenah,

Mguu umeshuka, maji ya chumvi yamefanya kazi. Maharagwe nimeyala yote. Ian amenipigia kuuliza kama "ule mtihani" umeisha. Nikamwambia matokeo hayatolewi kwa simu.

Alikuja jana. Mvua ilikuwa inanyesha, akasimama mlangoni na kofia mkononi, maji yakimtiririka, mpaka Jerono akamwambia, "Baba, ingia, huyu haumi." Amevaa koti ambalo bega moja limeteremka. Sikusema kitu. Uliniambia nisiseme.

Alianza hotuba, ya "mimi mtumishi mnyenyekevu". Nikamkatiza. Nikamwambia, "Simama hapa, inua mikono." Nikachukua futi nikaanza kumpima. Dada, nimegundua jambo. Mtu aliyeinua mikono na kuvuta tumbo ndani hawezi kutoa hotuba. Anajibu tu.

Nikampima bega. "Kwenu Malakisi wanasemaje?"

"Watoto wamekubari," akasema, kwa ile "r" yake ya "Hareruya". "Wanasema nimecherewa."

Nikampima kifua. "Mtakaa wapi?"

"Atakapotaka yeye. Kama ni pare kwa mama yenu, nitahamia pare."

"Watu watakucheka, mwanamume kuhamia kwa mke."

"Wacheke. Ng'ombe wake hawezi kuhamia kwangu, ameshapazoea pare."

Nikapima kiuno, na hapo alivuta pumzi mpaka nikamhurumia. Nikauliza lile nililokuwa nalo tangu asubuhi. "Wanawake wa kwaya ni wengi. Kwa nini dada yangu?"

Aliteremsha mikono. Nikadhani anatunga hotuba nyingine.

"Fundi," akasema, "tangu mke wangu afe, watu wananihurumia. Nikiingia mahari popote, sauti zinashuka. Wananipa kiti, wananipa chai, wananiuriza nararaje. Lenah ananicheka. Siku ya kwanza nimerudi kwaya, niriimba vibaya, wote wakasema nimeimba vizuri. Yeye akasema, 'Wabwile, hiyo noti uriyoiua irikuwa na watoto.'"

Nilipoteza kipimo cha kiuno. Ilibidi nianze upya.

Kuna moja sikumwuliza, Lenah, kwa sababu nilikuwa naogopa jibu. Lakini alipokuwa anavaa koti aliniuliza yeye: "Na Jumapiri unapenda kuku ama samaki? Nataka nijue mapema, maana nasikia wewe hukosi." Alisema kama mtu anayeuliza saa. Nikamwambia kuku. Nikageuka kutafuta chaki ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Basi akaniuliza, "Fundi, nimwambie nini Mwarimu?" Nami nikakunja uso kabisa, nikamwambia mambo kama haya hayana haraka, nitafikiria, arudi baada ya wiki mbili. Akasema ni sawa. Akatoka mvuani bila kuvaa kofia, amesahau anayo.

Nilimtesa, ndiyo. Mimi ndiye kaka, na nina dada mmoja tu.

Wewe ukimwona Jumapili, mwambie au umwache aimbe hivyo hivyo na wasiwasi wake, shauri yako. Lakini ujue kwamba hakuwa amefika hata kwenye kona ya kibanda cha Jerono wakati nilitandika mezani ile sufu ya kijivu niliyotoka nayo Lisbon, nikachukua mkasi, nikakata suti yake.

Ndugu yako,
Festus